Kutoa na Kutwaa: Istilahi za Mabadiliko ya Nishati katika Kemia

Katika darasa moja la sekondari, kwenye miteremko ya Kilimanjaro juu ya mji wa Moshi, mwalimu wa kemia alitia mbolea ya urea katika ndoo ya maji, akaikoroga kwa ufito, kisha akawaita wanafunzi waje mmoja mmoja waguse ubavu wa ndoo. Maji yalikuwa yamepoa kiasi ambacho hakuna aliyeweza kukikana. Mwalimu akauliza kwa Kiswahili, maana Kiingereza cha kitabu kilikuwa kimekwisha kuwachosha wote: "Mbolea hii imefanya nini?" Mwanafunzi mmoja akajibu bila kusita, "Imetoa baridi, Mwalimu," na darasa zima likaafiki.

Sisi tuliokuwa tumeketi nyuma ya darasa tulijua kwamba jibu hilo lingekosa alama katika mtihani wowote wa kemia. Lakini tulijua pia kwamba ni Kiswahili safi. Katika lugha yetu baridi ni kitu: huingia nyumbani, humpiga mtu, humshika kifuani, na mwezi wa Julai watu wa Marangu husema imeshuka kutoka mlimani. Hatujapata kumsikia mtu akisema kwamba joto lake limemtoka likaenda kuupasha moto upepo. Kemia, hata hivyo, hudai hivyo hasa. Kwa kemia hakuna kitu kiitwacho baridi kinachoweza kutolewa. Kuna joto tu, ambalo ama linatoka ama linaingia. Mtoto anayejibu kwa ufasaha wa nyumbani kwao huhukumiwa kuwa hajui, naye mwalimu akiona majibu ya namna hiyo yakikariri mwaka hata mwaka huamua kwamba Kiswahili hakifai kufundishia sayansi. Uamuzi huo una uzito, kwa kuwa Kiswahili ndicho kinachofundishia sayansi katika shule nyingi za msingi za Tanzania, na mwanafunzi huingia sekondari, ambako Kiingereza huchukua nafasi, akiwa amebeba maana alizozipata huko nyuma. Kwa hiyo wajibu wa anayetafsiri na anayefundisha ni kuziweka maana hizo sawasawa tangu mwanzo.

Makala haya yanahusu istilahi chache tu za mabadiliko ya nishati katika mimenyuko ya kikemia. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990, ilikwisha kuwapa walimu msingi wa kusimamia. Tatizo tunalolikuta madarasani, mara nyingi, ni kwamba istilahi ipo lakini haisemi mabadiliko yanatazamwa kutoka upande gani.

Wasomaji waliokulia katika nchi ya kahawa watatuelewa upesi tukilitumia daftari la ushirika. Wakulima wa Kilimanjaro wamekuwa na vyama vya kahawa tangu mwaka 1925, na chama kikuu chao, KNCU, kilianzishwa mwaka 1933. Daftari la ghala si jambo geni kwao. Gunia likipita mlango wa ghala kwenda nje, karani huandika kwamba limetoka. Mnunuzi aliyesimama nje na lori lake anasema limeingia. Wote wawili wanasema kweli, lakini daftari ni la ghala, na karani hana ruhusa ya kuandika maneno ya mnunuzi. Katika kemia ghala ni vitu vinavyomenyuka, ambavyo kwa jumla huitwa mfumo. Na kila kilicho nje ya mfumo, yaani ndoo, hewa, kipimajoto na mkono wa mwanafunzi, huitwa mazingira. Hesabu zote huandikwa kwa niaba ya mfumo. Ndiyo sababu mmenyuko unaopasha mkono moto huandikiwa alama hasi: ghala limepungukiwa. Mwanafunzi anayeuliza kwa nini moto mkali uandikwe kwa alama ya kutoa ameuliza kama mnunuzi, na ajibiwe kama mnunuzi, kwa kuonyeshwa daftari ni la nani.

Kabla ya kuendelea, hapana budi kuyatenganisha maneno matatu ambayo hukaa pamoja kama ndugu wa tumbo moja.

Nishati ni neno lenye asili ya Kiarabu, nalo huko lina maana ya uchangamfu na bidii. Limekubalika nchini Tanzania, na wizara imeitwa kwa jina hilo. Nchini Kenya neno linalotumika serikalini ni kawi, na mfasiri anayeandikia wasomaji wa nchi zote mbili afadhali alitaje lile jingine mara moja mwanzoni. Hatari ya neno hili imetokana na umaarufu wake wenyewe. Mwananchi akisikia nishati huwaza umeme, mafuta au mkaa, yaani kitu kinachonunuliwa na kupakiwa. Katika kemia nishati haipakiwi. Ni uwezo wa kufanya kazi au kupasha joto, uliomo katika mkaa na hewa vikiwa pamoja. Mkaa peke yake katika chungu kisicho na hewa hautaupasha mkono wa mtu.

Joto ni nishati iliyo safarini, ikitoka penye moto zaidi kwenda penye moto kidogo. Halijoto ni kipimo cha umoto wa kitu, kinachosomwa kwenye kipimajoto. Vitabu vingine vimetumia jotoridi kwa maana hiyohiyo, neno ambalo umbo lake linaunganisha joto na baridi kwa ustadi. Sisi tunapendelea halijoto kwa kuwa linajieleza lenyewe, ila hatutagombana na mwalimu aliyezoea jotoridi, mradi asiyatumie yote mawili katika ukurasa mmoja. Kosa kubwa ni kutumia joto kwa maana zote mbili. Wapagazi wa mlimani wanaijua tofauti hii kwa njaa. Katika kambi ya Kibo, iliyo kwenye kimo cha mita 4,700 hivi, maji huchemka yakiwa na nyuzi 84 hivi za sentigredi, kwa sababu mgandamizo wa hewa ni mdogo. Ongeza moto utakavyo: joto litazidi kuingia katika sufuria, mvuke utazidi kutoka, lakini halijoto haitapanda, na maharage yatakaa saa nyingi bila kuiva. Mwalimu anayesema "joto la maji halipandi ingawa tunaongeza joto" amesema fumbo. Akisema "halijoto haipandi ingawa joto linaingia", amefundisha.

Sasa tuingie kwenye mimenyuko yenyewe, na tuanze na chokaa, kwa kuwa hapo lugha ya mafundi imetutangulia na kututegea mtego. Mawe ya chokaa, au matumbawe kama walivyozoea watu wa pwani, hupangwa na kuni katika tanuri na kuchomwa kwa muda mrefu. Kwenye halijoto inayokaribia nyuzi 900 jiwe huachia hewa ya kaboni dioksidi na kubaki chokaa kali, ambayo haijaguswa na maji. Kila gramu 100 za jiwe safi huhitaji kilojuli 178 hivi ili zigeuke, na ndizo gharama ya kuni zote zile. Kisha fundi huimwagia chokaa hiyo maji. Hufoka, hutoa mvuke, hupasuka na kuwa unga, na mtu asiyejihadhari huungua. Gramu 56 za chokaa kali zikimenyuka na maji hutoa kilojuli 65 hivi, kiasi ambacho kingeweza kupandisha halijoto ya kilo nzima ya maji kwa nyuzi 15.

Tendo hilo mafundi huliita kuzima chokaa. Hebu msomaji alitafakari neno hilo. Wakati ambapo joto linatoka kwa wingi kuliko wakati mwingine wowote katika maisha ya chokaa hiyo, sisi tunasema tunaizima! Si Waswahili peke yao waliosema hivyo. Wafaransa nao huita chokaa ya namna hiyo chokaa iliyozimwa. Fundi hakukosea, kwa sababu yeye anatazama mwisho wa kazi, chokaa inapokuwa imetulia na haiwezi tena kumdhuru mtu. Lakini mwanafunzi aliyeambiwa tu kwamba chokaa "imezimwa" ataandika kwamba joto limeingia, kama maji yazimapo kaa la moto. Hatushauri kuliondoa neno la mafundi, ambalo lina haki yake na litatushinda kwa umri. Tunashauri kitabu cha kemia kilitaje kwa heshima, kisha kiseme waziwazi: kuzima chokaa ni mmenyuko wa kutoa joto.

Na hapa ndipo penye swali tulilolikusudia. Mmenyuko wa upande wa kwanza hauna mgogoro mkubwa. Katika madaftari ya walimu tumekuta "toajoto", "kitoajoto" na "-a kutoa joto". Maumbo mawili ya kwanza yana ufupi, lakini yanaleta taabu ya upatanisho: je, tuseme mimenyuko toajoto, au mimenyuko mitoajoto? Kipimajoto na kipazasauti ni nomino za vifaa, na ki- yao ni ya kifaa. Mmenyuko si kifaa. Tunaona heri "mmenyuko wa kutoa joto", ambao hauhitaji kuelezwa kwa mtu yeyote.

Upande wa pili ndio wenye ugumu. Neno linalopendwa na wengi ni "kufyonza joto". Kufyonza ni kazi ya mdomo au ya sifongo, nacho kinachofyonzwa ni kiowevu. Istilahi hiyo inamrudisha mwanafunzi, bila kumtaarifu, kwenye nadharia ya karne ya 18, wakati wanakemia wa Ulaya, Lavoisier akiwa mmoja wao, walipodhani kwamba joto ni kitu chembamba kinachotiririka kutoka mwili mmoja kwenda mwingine. Nadharia hiyo ilikwisha kuachwa. Si vema irudi kwa mlango wa tafsiri. Wengine husema "kupokea joto". Neno hili ni la adabu, ila lina kasoro ya namna nyingine: anayepokea amepewa. Jiwe la chokaa lililo tanurini kweli limepewa joto na kuni. Lakini ndoo ya urea hakuna aliyeipa kitu. Hakuna moto uliowashwa. Maji yamepoa kwa sababu urea ilipokuwa ikimumunyuka ilichukua joto lililokuwamo katika maji yaleyale. Gramu 60 za urea zikimumunyuka hutwaa kilojuli 15 hivi, na zikiwa zimetiwa katika lita moja ya maji halijoto hushuka karibu nyuzi 3 na nusu.

Kwa hiyo tunapendekeza "kutwaa joto". Kutwaa ni kuchukua kwa nguvu ya anayechukua, apewe au asipewe, na kwa hiyo neno linatosha kwa tanuri na kwa ndoo pia. Zaidi ya hayo, kutoa na kutwaa ni jozi ambayo sikio la Mswahili limekwisha kuizoea, hata msibani. Ukitaja la kwanza la pili huja lenyewe. Yule mwanafunzi aliyesema urea imetoa baridi asingesahihishwa kwa kukemewa. Angeulizwa tu: imetwaa nini, na imekitwaa wapi? Tuliona mwalimu akiliuliza swali hilo siku ileile, naye mwanafunzi, baada ya kuitazama ndoo kwa muda, akajibu: "Imetwaa joto la maji." Wenzake hawakuafiki mara moja safari hii, na ubishi ulioendelea ulikuwa wa kemia hasa.

Msomaji makini atakuwa amegundua kwamba tumesema urea humumunyuka, wala hatukusema huyeyuka. Barafu ya Kibo huyeyuka, maana inageuka kuwa maji pasipo kuhitaji kitu kingine ila joto. Mbolea na chumvi humumunyuka, maana husambaa ndani ya maji. Katika mazungumzo neno kuyeyuka hutumika kwa yote mawili, lakini katika kemia kuna hasara kulitumia hivyo. Vilevile wanakemia wengine hawatakubali kuita kumumunyuka kwa urea mmenyuko kamili, kwa kuwa urea hubaki urea. Hata hivyo hesabu ya joto ni ileile, na ndoo hupatikana kwa urahisi kuliko mifano ya vitabuni.

Tuje kwenye mbege, ambayo nyumba za kihamba zinaijua kuliko sisi. Ndizi mbivu huchemshwa kwa saa nyingi, huachwa siku kadhaa mpaka zianze kuchachuka, kisha huchujwa. Kwa upande mwingine ulezi hulowekwa, hufunikwa uote, huanikwa na kusagwa ukawa kimea, nao hupikwa uji. Uji ukishapoa huchanganywa na maji ya ndizi, gome la msesewe likaleta uchungu, na kesho yake pombe huwa tayari. Mama mmoja mpika pombe alituambia, "Usiku huu itachemka, wanangu, mtaisikia." Na kweli tulisikia povu likipasuka.

Hapa pia mwalimu asiwe mwepesi wa kufuta. Kuchemka kwa pombe ni neno la watu, na limetokana na mapovu. Lakini mapovu ya sufuria ni mvuke wa maji, na mapovu ya mtungi ni kaboni dioksidi; la kwanza ni badiliko la hali tu, la pili ni mmenyuko. Tuliite la pili uchachukaji. Ni mmenyuko wa kutoa joto, na katika mtungi mkubwa joto hilo linaweza kupimwa. Kadhalika lundo la ulezi unaoota: ukitia mkono katikati yake utalikuta vuguvugu, kwa kuwa mbegu zinapumua, nazo kwa kupumua huunguza wanga wao polepole.

Linaloshangaza ni uchache wa joto la mtungi. Gramu 180 za sukari aina ya glukosi zikiungua kabisa kwa oksijeni hutoa kilojuli 2,800 hivi. Zikichachuka kuwa alkoholi hutoa kilojuli 70 tu, yaani fungu moja katika arobaini. Zilizobaki zimekwenda wapi? Zimo bado katika alkoholi: gramu 92 zilizopatikana zikichomwa zitatoa kilojuli zipatazo 2,730. Jumla ni ileile, upite njia moja au mbili. Sheria hii, ambayo Hess aliitangaza mwaka 1840, walimu huifundisha kwa mishale na pembetatu mpaka wanafunzi wanaiogopa; karani wa ghala angeielewa kwa dakika moja, kwa sababu magunia hayaongezeki kwa kupitishwa mlango wa pili.

Lakini tusiseme nishati "imo" katika sukari kama kiini kilivyo ndani ya yai. Usemi huo umezaa kosa baya kuliko yote tuliyoyakuta, nalo ni kwamba kuvunja kifungo baina ya atomu hutoa nishati. Mwanafunzi huwaza: yai limevunjwa, kiini kimetoka. Kweli ni kinyume. Kuvunja kifungo hugharimu nishati sikuzote. Kufunga ndiko kunakotoa. Haidrojeni ikiungua, lazima kwanza vifungo vya haidrojeni na vya oksijeni vivunjwe: kwa molekuli mbili na moja, gharama ni kilojuli 436 mara mbili na 498, jumla 1,370. Kisha vifungo vinne vipya hufungwa, kila kimoja kikitoa 463, jumla 1,852. Faida ni 482, na ndiyo joto la moto ule, maji yakiwa bado mvuke. Kuhusu jina lenyewe, walimu wengine hutumia bondi. Sisi tunakitetea kifungo, hata kama wanafunzi hucheka wakikumbuka vya shati na vya gerezani, kwa sababu kinatokana na kitenzi, na mwanafunzi huweza kusema kufunga na kufungua bila kubadili shina.

Kwa kuwa kuvunja hutangulia kufunga, hata mmenyuko wa kutoa joto huhitaji mtaji. Mkaa hauwaki kwa kutazamwa. Hutiwa kijinga kwanza. Mtaji huo tungependa uitwe nishati ya kuanzishia, tukiitumia ile -i- ya kutendea ambayo Kiswahili hutupa bure kwa kutaja kitu cha kufanyia kazi. Na kichocheo ni neno zuri lenye onyo: jikoni, kuchochea moto ni kusukuma kuni ziungue zaidi, ilhali kichocheo cha kemia hakiongezi nishati wala hakiungui. Kinapunguza mtaji tu. Vimeng'enya vya kimea vinavyogeuza wanga kuwa sukari ni vichocheo vya namna hiyo.

Tahadhari moja imebaki. Kutoa joto si kuwa moto. Bati la nyumba linaposhika kutu linatoa joto, mvua hata mvua, na hakuna mwenye nyumba aliyewahi kulihisi kwa mkono, kwa sababu linatoka kidogo kidogo kwa miaka. Mwanafunzi asifundishwe kuutambua mmenyuko wa namna hii kwa kuungua vidole.

Tena, pendekezo letu la kutwaa joto lina mpaka wake. Migomba na mibuni ya kihamba, kwa usanisinuru, hutengeneza glukosi ileile tuliyoihesabia kilojuli 2,800, nayo haina budi kuzitwaa zote kwanza. Lakini haizitwai kama joto. Huzitwaa kama nuru ya jua. Kuuita usanisinuru mmenyuko wa kutwaa joto, kama tulivyoona katika muhtasari mmoja wa masomo, ni kosa, maana mgomba uliowekwa gizani karibu na jiko hautazaa. Kwa mimenyuko ya namna hiyo iandikwe "kutwaa nishati", na aina ya nishati itajwe palepale.